Siku 38 za leseni ya mama lishe

Kijana wa steshenari aliigeuza skrini kidogo ili mama mdogo naye aone. "Mama, mfumo unakataa kukusajili. Unasema tayari una TIN, namba ya mlipakodi. Namba ya uthibitisho imeshatumwa kwenye simu yako, nisomee." Mama mdogo akatoa kitochi chake mkobani, akakitazama, akakitikisa kana kwamba ujumbe umekwama ndani. Hakukuwa na kitu. Ilipita robo saa ndipo akakumbuka. Mwaka 2018 alimnunulia mwanawe bodaboda, pikipiki ikaandikishwa kwa jina lake yeye, na chombo cha moto hakiandikishwi bila TIN. Akapewa, akaisahau. Laini aliyoitaja siku ile ilizimwa Januari 2020, pale laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kufungwa. Ujumbe ulikuwa umekwenda kwenye namba ambayo hana tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yao. Kazi yangu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo kuweka hesabu zao, na mimi ndiye niliyemshawishi mama mdogo aache kuogopa leseni. Nilimwambia siku hizi mambo yote ni mtandaoni, tutamaliza ndani ya wiki. Tulipokwama pale kwenye TIN, hata saa moja haijaisha tangu tuanze, nikafungua daftari langu na kuandika tarehe. Niliendelea kuandika hadi siku aliyoishika leseni mkononi. Zilikuwa siku 38. Kisa ninachokichambua hapa kimetoka kwenye daftari hilo.

Mama mdogo amepika miaka 11 pembeni ya gereji moja jijini Dar es Salaam: masufuria manne, mabenchi mawili na turubai. Hakuwa mtu wa kujificha. Desemba 2018, Rais John Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia kwa mtendaji. Alilipa, akapewa, akaondoka. Anakikumbuka kitambulisho kile kwa wema mpaka leo, na mimi namwelewa: kilikuwa ni mlango mmoja, malipo mamoja, na siku hiyohiyo mgambo hakumgusa.

Lakini kitambulisho kile kisingempa alichokuwa anakitaka safari hii. Ofisi moja ya jirani, yenye wafanyakazi kama thelathini, ilitaka mtu wa kuwapikia chakula cha mchana kila siku ya kazi na kulipwa mwisho wa mwezi. Mhasibu wao alikuwa na masharti mawili tu, TIN ya biashara na leseni. Mama mdogo akapata fremu hatua mia moja kutoka gereji, akalipa pango la miezi sita kwa mkupuo kama wenye nyumba wengi wanavyodai, ndipo akaja kwangu. Mpangilio huo wa mambo, kulipa kwanza na kuuliza baadaye, ndio uliomgharimu kuliko ada yoyote aliyotozwa. Kila siku tuliyozungushwa, pango lilikuwa linaliwa na fremu iliyofungwa.

Kwa sheria, jambo lenyewe si kubwa. Leseni za biashara Tanzania Bara zinaongozwa na Sheria Na. 25 ya mwaka 1972. Ziko za makundi mawili: kundi A hutolewa na BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kwa biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, na kundi B hutolewa na halmashauri kwa biashara kama maduka ya rejareja, saluni na migahawa. Leseni hudumu miezi 12 tangu tarehe ya kutolewa. Mama mdogo alikuwa wa kundi B na angetumia jina lake mwenyewe, kwa hiyo hakuhitaji hata kusajili jina la biashara. Alichohitaji ni TIN ya biashara na uthibitisho wa kodi, mkataba wa pango, karatasi za afya kwa kuwa anauza chakula, kisha maombi yenyewe. Ni vitu vinne. Mtu akikwambia vitu vinne unadhani ni siku nne.

Tuanze na TIN, kwa sababu ndiyo iliyokula siku 9 za kwanza.

Namba ilikuwepo, lakini haikuwa ya biashara. Ilitolewa kwa ajili ya pikipiki, na TIN isiyo ya biashara lazima ibadilishwe kabla ya kutumika kuombea leseni. Kuibadilisha kulihitaji kuingia kwenye akaunti. Kuingia kulihitaji namba ya uthibitisho, nayo ilikwenda kwenye laini iliyokufa. Ili kubadilisha namba ya simu ilibidi aende mwenyewe ofisini na kitambulisho, na siku ya kwanza tuliambiwa mtandao unasumbua, turudi kesho. Kesho yake palikuwa na foleni. Siku ya tatu alihudumiwa kwa dakika zisizozidi kumi na dada mmoja mwenye adabu sana, aliyemwamkia "shikamoo mama" na kumweleza kila kitu taratibu. Zilizobaki zilikuwa siku za kusubiri badiliko lionekane kwenye mfumo.

Ukitazama vizuri, hakuna mtu aliyefanya kosa hapo. Yule dada alifanya kazi yake, na mama mdogo hakudanganya popote. Kilichoshindikana ni wazo lililojengwa ndani ya mfumo, kwamba mtu na namba yake ya simu ni kitu kimoja milele. Kwa watu wa kipato cha mama mdogo laini ni kitu cha kuja na kwenda: inaibwa, inapotea, inafungwa, anapewa mtoto aliye shuleni. Kitu ambacho hakibadiliki ni alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ile yenye tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Laini anayoitumia leo imesajiliwa kwa alama hizohizo. Maana yake tayari kuna mahali inajulikana kwamba mwenye NIDA hii ndiye mwenye simu hii. Mama mdogo alipoteza siku 9 akithibitisha kwa miguu yake jambo ambalo kompyuta mbili zingeulizana kwa sekunde.

Kisha ukaja mkataba wa pango. Siku 10.

Mwenye nyumba alikuwa ameuandika kwa mkono, vizuri tu, kwenye karatasi ya mistari, na mpangaji akamtaja kama mtaa mzima unavyomtaja, yaani Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jina hilo halipo NIDA, halipo kwenye TIN, halipo popote isipokuwa midomoni mwa watu. Ikabidi uandikwe upya. Hilo lilikuwa jepesi. Zito lilikuwa kodi ya zuio. Mpangaji wa sehemu ya biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA, mamlaka ya mapato, na mkataba nao unalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1. Kwa sheria, hiyo asilimia 10 ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji ni wa kuikata na kuifikisha tu. Tulipomfuata mwenye nyumba alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mimi kodi yangu nimeshapokea nzima. Hiyo ya Serikali malizaneni wenyewe."

Na kweli tulimalizana wenyewe. Mama mdogo aliitoa mfukoni mwake, baada ya siku kadhaa za kubembelezana na kutafuta hela.

Hapa wapenzi wa teknolojia, nami nikiwa mmoja wao, tunyamaze kidogo. Hakuna programu itakayomlazimisha mwenye nyumba arudishe asilimia 10 baada ya kushika pesa yote. Lakini teknolojia ingeweza kufanya jambo moja dogo ambalo lingeokoa fedha nyingi: kumwambia mapema. Kama wiki tatu kabla angeweza kuuliza kwa simu yake "nataka kufungua mgahawa, nitadaiwa nini?" na kujibiwa kwa sentensi tano za Kiswahili cha kawaida, angekwenda kwa mwenye nyumba akiwa bado ameshika pesa mkononi. Mapatano ya bei hufanyika kabla ya kulipa. Mara nyingi mifumo inaanza kumhudumia mfanyabiashara pale anapobonyeza "omba", na huo ni wakati ambao maamuzi yote ya gharama kubwa ameshayafanya bila msaada wa mtu.

Afya ilichukua siku 13, nyingi kuliko kituo kingine chochote, na bado ndiyo sehemu ninayoitetea. Mtu anayelisha watu thelathini kwa siku lazima akaguliwe. Yeye na wasaidizi wake wawili walikwenda kupima, kipimo ambacho wanaoshika chakula hutakiwa kukirudia kila baada ya miezi 6, kisha tukamsubiri afisa afya aje kuiona fremu. Alikuja siku ya tano, kijana mwenye buti na daftari la kaboni kwapani. Alikagua kwa makini kuliko nilivyotarajia. Aliinama kutazama mfereji wa nyuma. Alifunua ndoo moja baada ya nyingine. Akasimama mbele ya meza ya kukatia mboga, chini yake kukiwa na ndoo ya maji machafu, akasema bila ukali: "Mama, hii hapa hapana. Ihamishe leo. Na pale mlangoni weka ndoo ya bomba na sabuni, mteja anawe kabla hajakaa." Mama mdogo alimjibu "sawa baba", na kabla ya magharibi vyote viwili vilikuwa vimefanyika.

Hakuna mfumo ungeiona ile ndoo. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanaota siku ambayo mkaguzi ataondolewa kabisa na kila kitu kitakuwa fomu ya kujaza. Mimi sitaki kula kwenye mgahawa uliokaguliwa kwa fomu. Ninachokilalamikia ni kilichotokea baada ya macho yake mazuri kumaliza kazi. Ilibidi tumsubiri siku nne nyingine arudi kuona ndoo imehama, kwa sababu hakukuwa na njia rasmi ya kumtumia picha. Aliporudi akaandika "inafaa" kwenye karatasi yenye nakala tatu. Karatasi ile ikakaa siku nyingine nne ikisubiri mtu wa kuiingiza kwenye mfumo, maana mkaguzi hakuwa na njia ya kuiingiza akiwa kazini. Halmashauri husika siitaji, kwa sababu sidhani kwamba ni ya pekee. Ukaguzi wenyewe ulikuwa wa dakika arobaini kwa safari zote mbili, na siku nane zote zilizobaki za kusubiri zilikuwa mali ya karatasi.

Mkaguzi mwenye simu yenye fomu fupi angebonyeza "inafaa" akiwa bado mlangoni, na mama mdogo angepata ujumbe kabla pikipiki ya mkaguzi haijawaka. Jambo kama hili halihitaji mradi mkubwa wala uzinduzi.

Mwisho likawa ombi lenyewe la leseni. Siku 6.

Zamani kila halmashauri ilikuwa na utaratibu wake na meza zake. Leo maombi ya leseni za kundi B yanapitia mfumo wa Tausi ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na hilo ni badiliko kubwa kwa nchi yenye halmashauri 184: fomu ni ileile ukiwa Temeke au Tunduru. Tulipakia viambatisho vinne. Siku ya pili ombi likarudishwa na afisa akiwa ameandika maneno mawili tu: "Rekebisha kiambatisho." Kipi kati ya vinne? Haikusemwa. Kijana wa steshenari, ambaye ameshaona mengi, akaanza kuskani upya vyote. Nikamzuia, nikapiga simu, nikapigwa danadana, mwishowe nikampata mtu aliyeniambia kwamba ukurasa wa mwisho wa mkataba, wenye saini, haukuonekana. Ukurasa mmoja. Tuliupakia kwa dakika tatu.

Nimekaa sana nikiyafikiria maneno yale mawili. Afisa aliyeyaandika alijua tatizo ni nini, kwa sababu alikuwa analitazama. Kilichopungua ni sehemu ya kulisema. Pengine ana maombi mia mezani na kisanduku cha maelezo kinampotezea muda. Basi apewe orodha ya sababu kumi zinazojirudia, abonyeze moja: ukurasa unakosekana, jina halilingani, saini haipo, picha haisomeki. Kwake ni kubonyeza mara moja, kwa mwombaji ni siku tatu au nne zimeokolewa. Ningeambiwa nichague badiliko moja tu kwenye kila mfumo wa vibali, ningechagua hilo: ukilirudisha ombi la mtu, useme kwa nini, kwa maneno anayoweza kuyafanyia kazi leo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Ikatoka namba ya kumbukumbu ya malipo, ile yenye tarakimu 12 ambayo kila mtu mtaani anaiita kontroo namba. Mama mdogo alikuwa jikoni pale gereji. Nilimsomea kwa simu, akaigonga kwenye kitochi chake kwa kidole kimoja huku mkono mwingine umeshika mwiko, akaweka namba ya siri, akalipa. Hazikufika dakika mbili. Risiti ikaingia kabla maharage hayajaungua.

Nataka tusimame hapo, kwa sababu ndani ya siku 38 zile hizo ndizo dakika mbili ambazo kila kitu kilifanya kazi. Mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulianza kutumika mwaka 2017. Wafanyabiashara wa zamani wanakumbuka hali kabla yake: unapewa karatasi, unakwenda benki, unapanga foleni, unarudi na stakabadhi dirishani, na wakati mwingine unapokelewa fedha taslimu na mtu ambaye huna hakika kama ndiye anayestahili kuipokea. Yote hayo yamefutika. Na hayakufutika kwa kumfundisha mama lishe kutumia kompyuta. Waliotengeneza walikwenda kumkuta kwenye simu aliyonayo, kwenye menyu ya kulipia ambayo tayari anaitumia kununulia mchele na kutuma ada ya shule. Hakuhitaji barua pepe, hakuhitaji neno la siri jipya, wala hakuhitaji mimi.

Linganisha na hatua nyingine zote. Kila moja ilidai skrini kubwa, skana, barua pepe, bando na Kiswahili cha ofisini. Kwa hiyo kila moja ilimpeleka steshenari.

Steshenari ndiyo dirisha halisi la Serikali mtandao kwa wafanyabiashara wadogo, na sijaona taarifa rasmi inayolisema hilo waziwazi. Foleni iliyokuwa kwenye korido za ofisi haikuisha, ilihamia kwenye chumba chenye mashine ya kudurufu na feni moja. Kijana tuliyemtumia si kishoka. Ni mwaminifu, mvumilivu, anatoza bei ya haki na anajua njia za mifumo hiyo kuliko mimi. Lakini mama mdogo hana barua pepe, kwa hiyo akaunti yake ilifunguliwa kwa barua pepe ya kijana. Neno la siri alilitunga kijana. Siku ya kwanza nilimwona akifungua daftari la kaunta na kuandika kwa mstari mmoja: jina, namba ya NIDA, TIN, neno la siri. Juu ya mstari wa mama mdogo kulikuwa na mistari mingine, kurasa nzima mbili za watu. Daftari liko wazi juu ya kaunta na wateja wanaegemea hapo wakisubiri fotokopi.

Daftari lile lilinishtua kuliko foleni yoyote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ni sheria nzuri. Lakini hata ukimtoza faini kijana yule leo, kesho wateja wake watakwenda steshenari ya pili na daftari la pili, kwa sababu mfumo umewaachia mlango huohuo mmoja. Ukitaka daftari lile life, jenga njia ambayo mama mdogo hahitaji mtu wa kumshikia funguo. Na wale watakaohitaji kusaidiwa, maana watakuwepo siku zote, waruhusiwe kusaidiwa kwa uwazi. Msaidizi aingie kwa akaunti yake yeye, ajaze kwa niaba ya mteja, kisha mteja athibitishe kwa simu yake mwenyewe. Kila hatua ibaki na alama ya nani alifanya nini. Steshenari zinaweza kuandikishwa na kupewa mafunzo kama mawakala wa fedha za simu walivyopewa. Tayari ni watumishi wa umma wasio na barua ya ajira.

Nilihesabu mambo mawili kwenye daftari langu mwenyewe. Namba ya NIDA ya mama mdogo tuliiandika upya mara nne, mahali panne tofauti. Mkataba wa pango tuliuwasilisha mara mbili, kwenye ofisi mbili ambazo zote ni za Serikali ileile. Kuna neno linalotumika sana siku hizi, kwamba mifumo isomane, na Rais Samia Suluhu Hassan amelirudia mara nyingi. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 nayo ilikuja kuweka utaratibu wa mifumo ya taasisi za umma. Kwa mtu wa jikoni, kusomana kuna maana moja rahisi: nikishakwambia jina langu, usiniulize tena, na nikishaileta karatasi, mwenzako aichukue kwako. Wapo wanaosema kuuliza mara kwa mara ni njia ya kuzuia udanganyifu. Udanganyifu unazuiwa na uhakiki wa NIDA uliofanyika mara ya kwanza. Mara ya pili, ya tatu na ya nne zinaongeza tu nafasi ya kukosea tarakimu moja kati ya 20.

Lakini kusomana peke yake hakutoshi, na hapa ndipo naachana kidogo na wenzangu. Ukiunganisha mifumo mitano kwa ustadi bado una masharti matano. Mwaka 2018 Serikali ilitoa mpango wa kuboresha mfumo wa udhibiti wa biashara, na moja ya matunda yake lilionekana Julai 2019: usimamizi wa chakula ukatolewa iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kupelekwa TBS, shirika la viwango, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Badiliko lile halikuhitaji tovuti mpya. Mtengeneza chakula aliyekuwa akiitikia taasisi mbili akabaki na moja. Mlango ukiondolewa haupati foleni, haukosi mtandao na hausahauliki neno lake la siri. Kabla ya kulihamishia sharti lolote mtandaoni, mtu mmoja mwenye mamlaka akae aulize kama linahitajika kwa mgahawa wenye mabenchi mawili. Tukilipeleka mtandaoni bila kuuliza, tumelipa umri mrefu zaidi.

Na kuna leseni ya mwaka wa pili. Hii ndiyo inayonikera zaidi kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote. Miezi 12 ikiisha mama mdogo atakuwa mtu yuleyule, kwenye fremu ileile, akipika chakula kilekile. Serikali tayari ina menyu ya huduma zake kwa simu za kawaida, *152*00#. Sioni sababu ya msingi kwa nini asipokee ujumbe mwezi mmoja kabla, apige menyu hiyo, aulizwe "kuna kilichobadilika?", ajibu hapana, apate kontroo namba, alipe huku ameshika mwiko. Kama kodi yake haijakaa sawa au vipimo vya afya vimepitwa na wakati, aambiwe hapohapo ni kipi. Vipande vyote vya kufanya hivyo nimeviona vikifanya kazi, kila kimoja mahali pake. Hakuna aliyeviweka pamoja kwa ajili yake.

Leseni ilichapishwa siku ya 38, Alhamisi. Katika siku hizo zote mama mdogo hakuwasha jiko siku saba kwa ajili ya kwenda na kurudi ofisini, na kwa mama lishe siku ya jiko baridi si siku moja tu, kwa sababu mteja aliyekukosa leo amejua njia ya kwa mwenzako. Ile ofisi ya jirani ilisubiri wiki tatu, kisha ikampa mtu mwingine kazi kwa miezi mitatu. Mhasibu aliomba radhi, akasema alete leseni muda huo ukiisha. Mama mdogo alimshukuru, akarudi kufungua fremu.

Jumamosi tulikwenda steshenari mara ya mwisho. Kijana alikuwa muungwana: tulifungua barua pepe ya mama mdogo, tukahamisha akaunti, tukaweka namba ya kitochi chake, na mbele yetu akaukata mstari wake kwenye daftari kwa wino mweusi mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Ulipofika wakati wa kuweka neno la siri jipya mama mdogo alitusogeza mimi na kijana pembeni kwa mkono, akaligonga herufi moja moja. Jioni hiyo leseni ilikuwa ukutani ndani ya plastiki, mbali na mvuke wa jiko. Tarehe ya kuisha kwake binti yake aliiandika kwenye jalada la daftari la madeni. Neno la siri hakuliandika popote. Amelishika kichwani, kama anavyoshika nani anadaiwa sahani ngapi.